Tahadhari: wauzaji na "wakaguzi" wa mapipa ya kudhibiti umwagikaji wa mafuta na kemikali

Kwa watunza stoo, maafisa usalama na wenye gereji na yadi za malori wa Dar es Salaam na Pwani: kuna watu wanaopita mlango kwa mlango wakiuza mapipa ya vifaa vya kudhibiti umwagikaji, yale ambayo kazini tunayaita spili kiti, pamoja na huduma ya kuyakagua kila mwaka. Jina la kampuni yao silitaji, kwa sababu ankara mbili nilizoziona zina majina mawili tofauti na namba ya simu ileile, na sioni kitakachowazuia kuja na jina la tatu. Mtawatambua kwa mwenendo wao.

Huja wamevaa vizibao vya kung'aa na kubeba faili, wakisema kwamba ukaguzi wa OSHA, wakala wa Serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, umekaribia na kwamba pipa lolote lililozidi miezi 12 limekwisha muda wake kisheria. Asiyetaka kununua jipya huuziwa "ukaguzi", yaani karatasi yenye nembo hubandikwa juu ya mfuniko, sili ya plastiki hufungwa, na malipo hutakiwa yatumwe kwenye simu ya mtu binafsi. Katika yadi yetu walibandika karatasi hizo kwenye mapipa yote bila kufungua hata moja. Pipa la karibu na pampu ya dizeli lilikuwa limebaki nusu, maana pedi zake, yaani vitambaa vya kunyonyea mafuta, zilitumika siku mpira wa kupitishia mafuta wa lori ulipopasuka na nyingine zilikuwa bado zinasubiriwa kutoka manunuzi, lakini nalo likapewa alama ya kufaulu sawa na mengine.

Hujitolea pia kuondoa vifaa vya zamani bure, eti wakaviteketeze. Mtunza stoo wetu ana desturi ya kugonga muhuri wa stoo kwenye kila mfuko unaoingia, na mfuko wa pedi wenye muhuri huo umekutwa ndani ya pipa lililouzwa kama jipya kwa gereji ya jirani. Sidhani kama hilo linahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu jina la OSHA wanalolitumia kutisha watu, itoshe kusema kwamba wakala huyo, akifanya kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, husajili maeneo ya kazi, huyakagua na hutoa mafunzo. Mkaguzi wake ana kitambulisho, na malipo ya taasisi za Serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontroli namba, wala hayaendi kwenye simu ya mtu.

Ulaghai mkubwa zaidi umo ndani ya pipa lenyewe. Maandishi "lita 240" yaliyoko ubavuni ni ujazo wa pipa, la aina ileile inayotumika kuwekea taka, wala si kiasi cha mafuta ambacho vilivyomo vinaweza kunyonya. Muuzaji mwaminifu huandika namba zote mbili. Njia ya kujua ukweli ni rahisi na haihitaji maabara: pima pedi moja ikiwa kavu kwenye mizani ndogo, izamishe katika dizeli, iinue na kuiacha idondoke kwa nusu dakika, kisha uipime tena. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban gramu 840, kwa hiyo pedi iliyoongezeka gramu 420 imenyonya nusu lita, na pedi 100 za namna hiyo zitanyonya lita 50. Jumlisha soksi, yaani mirija ya kitambaa ya kuzungushia mafuta, na mito ya kunyonyea, ndipo utajua kama pipa hilo linaweza kukusaidia dumu la lita 200 likitoboka. Pedi halisi ya polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, hunyonya zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Tulizozipima kutoka kwa hao jamaa hazikufikia hata mara nne, na tulipoichana mito tulikuta mabaki ya sponji ya godoro.

Jaribio la pili ni la beseni la maji. Kwa mazoea ya watengenezaji wengi, pedi nyeupe ni za mafuta pekee, za kijivu ni za matumizi ya jumla, na za njano ni za kemikali. Pedi ya mafuta ikiwekwa juu ya maji huelea na hubaki kavu, na ukimwaga dizeli kidogo juu ya maji hayo itainyonya dizeli na kuyaacha maji. Ya kijivu hunyonya vyote viwili. Hawa huuza za kijivu kwa bei ya nyeupe, na mwenye yadi ya wazi hatagundua mpaka masika, pale pedi zitakaposhiba maji ya mvua huku mafuta yakiendelea zake kuelekea mtaroni.

Pipa la njano, yaani la kemikali, ndilo linalonitia hofu zaidi. Moja tulilofungua lilikuwa limejazwa maranda chini ya tabaka jembamba la pedi. Maranda juu ya oili sakafuni hayana neno. Mafundi wetu wameyatumia miaka yote. Lakini asidi ya nitriki iliyokolea, au klorini ya unga ile inayotiwa kwenye matangi ya maji, ikikutana na unga wa mbao huweza kuwasha moto, na mfanyakazi anayeyamwaga kwa kuamini rangi ya pipa anakuwa ameongeza hatari badala ya kuipunguza. Glovu zilizokuwemo ni za mpira mwembamba kama za zahanati, ambazo hulainika na kuvimba zikigusa dizeli. Zinazotakiwa ni za naitraili, mpira wa kutengenezwa unaostahimili mafuta.

Madai ya miezi 12 nayo hayana msingi. Pedi za polipropilini zilizofungwa vizuri na kukaa kivulini hudumu kwa miaka. Zinazoziharibu ni jua na utumiaji usiorekodiwa. Vinavyochakaa mapema ni vile vilivyomo pembeni: glovu hupasuka kwa joto, unga wa kuzimulia asidi huganda kwa unyevu wa pwani, na mifuko ya taka hukauka na kuchanika. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli ni wa kufungua. Afisa wenu mwenyewe, kila mwezi, akate sili, alinganishe vilivyomo na orodha iliyobandikwa ndani ya mfuniko, ajaze pengo, afunge sili mpya na kuandika namba yake kwenye daftari. Atazame pia kama pipa bado liko karibu na pampu au betri, maana nimeyaona mengine yamesukumwa nyuma ya matairi chakavu, na moja kufuli lake lilikuwa na ufunguo wa mtu aliyekuwa likizo.

Pedi zilizokwisha kutumika ni taka hatarishi. Mkabidhini mwenye kibali cha kuzibeba, na mdai hati ya makabidhiano. Anayejitolea kuzichukua bure na haachi karatasi yoyote msimruhusu kupita getini.

Waliokwisha kulipa wasiyatupe mapipa hayo wala kuyapanga upya. Yapigeni picha yakiwa na sili na karatasi zake, tunzeni ankara na ujumbe wa muamala, kisha fikeni kituo cha polisi. Na kama bidhaa ina nembo ya mtengenezaji anayejulikana lakini mnaishuku kuwa bandia, pelekeni taarifa Tume ya Ushindani. Wengi wetu hatukupewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na hilo nalo litajeni katika maelezo yenu.