Povu la kupulizia darini: harufu ya samaki hadi Nyakato

Povu la kupulizia chini ya bati, la kuzuia joto na kelele za mvua, likipuliziwa sawasawa harufu yake huisha baada ya siku moja au mbili. Langu lina wiki kadhaa, na jua la saa saba likishapiga bati, sebule nzima inanuka samaki. Nikampigia simu msimamizi wa mafundi. Akanijibu, "Mzee, huo ni upepo wa ziwa, unaleta harufu ya Mwaloni." Mwaloni ni soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, nyumba iko Nyakato! Hapo ndipo damu ilipochemka, maana mtu wa kazi hii anajua fika harufu ile inatoka wapi.

Povu ni kemikali mbili, aisosayaneti na polioli, kila moja na pipa lake, na zinakutana kwenye bunduki kwa ujazo sawa. Pampu ya upande mmoja ikilegea, au pipa likiwa baridi na dawa ikawa nzito, uwiano unaharibika. Aisosayaneti ikizidi, povu linakauka na kumeguka. Polioli ikizidi, linabaki laini, linanata, linanuka samaki. Kufungua madirisha hakusaidii kitu. Linakatwa kwa kisu, linatolewa lote.

Halafu walianza alfajiri! Usiku bati linapoa, na kwa unyevu huu wa ziwa linatoka jasho kwa ndani. Maji yakikutana na aisosayaneti yanatoa gesi, povu linajaa mashimo na halishiki bati. Wangengoja hadi saa nne au tano likauke, wakapangusa pia mafuta ya kiwandani yanayobaki kwenye bati jipya. Badala yake wakapiga sentimita kumi kwa mkupuo, wakati povu gumu halitakiwi kuzidi tano kwa tabaka, kisha unaliacha lipoe. Likiwa nene kupita kiasi linajipika kwa ndani, linapasuka, linaweza hata kuwaka. Sebuleni limeshabanduka kwenye papi, zile mbao za paa. Vidole vinne vinapita.

Nilikusudia kuandika kwamba povu ni kutupa hela. Siwezi, nitakuwa nasema uongo. Chumba cha nyuma walikipulizia mchana, bati kavu, kwa matabaka mawili. Mvua kubwa ya juzi tumezungumza humo bila kupaza sauti, na saa nane mchana mtu analala usingizi. Kwa chumba kile ningewasifu.

Ningewasifu, kama wasingefukia kiboksi cha maungio ya nyaya ndani ya povu. Povu linashika moto. Linatakiwa lifunikwe na jipsamu, na maungio ya umeme yabaki yanafikika. Na walituambia turudi kulala jioni ileile, wakati nyumba inatakiwa kukaa wazi bila watu angalau saa 24. Kuna watoto humo ndani. Hilo siwasamehi.

Kabla hawajagusa bati lako, wapulizie kwanza kwenye kipande cha nailoni, likauke, ulikate katikati: rangi iwe moja, vitundu vidogo vinavyolingana, lisinate kidoleni. Dakika chache tu. Mimi salio lao silitoi mpaka sebule yote ikwanguliwe.