Dodoso la chati ya Nolan: mizani nzuri, ila ina mwenyewe

Kwa vikundi vya mdahalo hapa Mbeya, dodoso hili la Kimarekani, linalopima msimamo wa kisiasa na kuuweka kwenye chati ya Nolan, linatosha kikao kimoja. Maswali ni 10: 5 ya uhuru binafsi, 5 ya uchumi. "Nakubali" ni pointi 20, "labda" 10, "sikubali" 0. Mliberali wa kule hupanda kwenye uhuru binafsi na kushuka kwenye uchumi, yaani uhuru wa soko, mhafidhina kinyume chake. Mlibertari, yule anayetaka serikali iingilie mambo ya watu kidogo iwezekanavyo, anapanda kote.

Lijaribuni kwa lumbesa ya viazi. Mlibertari: muuzaji na mnunuzi wameshakubaliana, serikali inaingiaje? Mliberali anataka mizani imlinde mkulima. Mhafidhina anabaki njia panda, maana soko analipenda lakini sheria ni sheria. Hapo ndipo watu husogeza viti.

Kasoro? David Nolan, aliyebuni chati, alikuwa mwanzilishi mmojawapo wa Libertarian Party, chama cha walibertari cha Marekani, mwaka 1971, na walibertari ndio waliowekwa kileleni. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tena "labda" zikizidi, mtu anaangukia katikati bila kuwa na msimamo wowote, kwa hiyo daini sababu kabla ya kuandika pointi. Na swali la ardhi ongezeni wenyewe, maana kwetu ardhi ni ya umma, Rais akiwa mdhamini.