Spotify ya familia nyumbani kwetu Wete: fedha niliyookoa ilikuwa kwenye bando

Mimi ni fundi wa kanzu hapa Wete, Pemba. Tangu Spotify, programu ya kusikilizia muziki kwa mtandao, ilipofunguliwa rasmi kwa watumiaji wa Tanzania mwezi wa Februari 2021 nimekuwa nikiisikiliza karibu kila siku ya kazi, kwanza bila ya malipo, kisha kwa ada ya mtu mmoja, na sasa kwa ada ya familia. Fedha ninayolipia natoka nayo kwenye cherehani, kwa hiyo kila ninachokieleza hapa nimekwisha kukipigia hesabu.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulitambua ni kwamba ada ya mwezi siyo iliyokuwa ikinimaliza. Lililokuwa likinimaliza ni bando. Siku niliyoanza kulipia niliingia kwenye mipangilio nikachagua ubora wa juu kabisa wa sauti uliokuwepo wakati huo, kwa fikra kwamba nimeshalipa na haki yangu niipate yote. Ubora huo ni kilobiti 320 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni takriban MB 144. Kwa kuwa husikiliza kiasi cha saa sita kwa siku, nilikuwa nikiteketeza zaidi ya MB 860 kila siku, na bando la wiki nililojiunga Jumamosi halikuwa likiifikia Jumatatu jioni. Nikadhani naibiwa, nikabadilisha hata laini, na laini mpya nayo ikafanya vile vile.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, ambaye aliichukua simu, akashusha ubora hadi wa kawaida, kilobiti 96, akaniambia, "Kaka, shona, kisha uniambie kama umesikia tofauti." Sikuisikia. Kwa spika ndogo iliyo juu ya kabati na cherehani inayonguruma, hakuna sikio litakaloipambanua, na saa moja sasa hula MB 43 tu. Upo ubora wa chini zaidi, kilobiti 24, unaokula kama MB 11 kwa saa, lakini huo siupendekezi kwa mpenzi wa taarabu. Niliujaribu usiku mmoja kwa kuziba masikio na spika za masikioni, na nyuzi za ganuni, ambazo raha yake ni kule kumetameta zikiachana moja moja, zilinijia kama zinapigwa ndani ya mtungi wa maji.

Hata hivyo, nafuu kubwa zaidi imetokana na kupakua. Mwenye kulipia anaruhusiwa kupakua hadi nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, katika vifaa visivyozidi vitano, na wimbo ukishapakuliwa unaweza kuurudia mara mia bila ya kugusa bando. Mimi hupakua kwa bando la usiku, ambalo ni rahisi kuliko la mchana, na orodha yangu ya Bi Kidude na Culture Musical Club haijapata kunigharimu chochote tena tangu nilipoishusha. Sharti lake ni simu iingie mtandaoni angalau mara moja katika kila siku 30. Ndugu yangu ambaye ni mvuvi hukaa dago, yaani kambi ya wavuvi, wiki mbili, tatu, na hajapata kukwama, kwa sababu huiwasha data kwa dakika chache kabla ya kuondoka.

Kuhusu ada ya familia, inachukua watu sita, kila mmoja na akaunti yake, na kwetu ilitoka chini ya ada mbili za mtu mmoja mmoja. Tupo watano: mimi, mke wangu, mdogo wangu, ndugu yangu mvuvi na binti yangu mkubwa. Kila mwezi tunachangiana, na mimi ndiye mwenye kadi. Sharti la kampuni ni kwamba wote muishi katika anwani moja, na hapo ndipo lilipotokea jambo lililoniuma kidogo, kwa sababu mwanangu anayesoma chuo Unguja alinipigia simu akasema, "Baba, kwani mimi si mtoto wa nyumba hiyo?" Ni mtoto wa nyumba hii, lakini makazi yake kwa sasa ni huko, na sikutaka kuthibitisha kwa kidole changu jambo ambalo si la kweli. Anatumia ya bure, pamoja na matangazo yake.

Nawasihi sana wasomaji wajihadhari na akaunti zinazouzwa kwa bei ya kutupa katika makundi ya simu. Niliwahi kununua moja, nayo ilidumu siku kumi na tisa. Nilipofungiwa nje, orodha niliyoikusanya ikapotea pamoja nayo na muuzaji hakupokea simu tena.

Jambo la mwisho ni la Ramadhani. Mwezi huo nyumbani kwetu hatusikilizi muziki, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiulipia hivyo hivyo kwa kusahau tu. Siku hizi husitisha kabla ya tarehe ya kukatwa, na huduma huendelea mpaka siku zilizolipiwa zimalizike, kisha akaunti inarudi kuwa ya bure huku orodha zote zikibaki salama. Kinachoondoka ni nyimbo zilizopakuliwa, kwa hiyo ni lazima kuzishusha upya, na kwa ubora wa kawaida saa kumi za muziki hazifiki hata MB 450. Gharama hiyo ni ndogo mbele ya ada ya mwezi mzima. Basi Idi pili, wateja wakiwa wameshavaa kanzu zao na fundi amepumzika, hulipia tena, na usiku wake hujiunga bando la usiku nikaiacha simu ipakue mpaka alfajiri.