Ruta ya 1200: Namba ya Kwenye Boksi na Kasi ya Chumbani

Haya, karibuni watazamaji wangu. Hii hapa ruta ya waifai, na boksi lake limeandikwa 1200 kwa maandishi makubwa. Tuanze na hiyo namba, maana ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi.

Hiyo 1200 ni jumla ya kasi, kwa megabiti kwa sekunde. Wamechukua megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4, wakajumlisha na 867 za gigahezi 5, wakakadiria kwenda juu. Simu yako kwa kawaida hushika masafa mamoja tu kwa wakati. Na hata hiyo 867 ni kasi ya redio kwa redio, yaani ya juu kabisa kati ya redio ya ruta na ya kifaa chako, si ya kupakua. Ukipakua faili ukiwa umekaa karibu na ruta, ukipata nusu yake shukuru.

Sasa ingia chumbani ufunge mlango. Gigahezi 5 ina kasi ila kuta za zege zinaichosha haraka. Gigahezi 2.4 inapenya zaidi, lakini huko kumejaa: ruta za majirani, vifaa vya bluetuthi, hata oveni ya maikrowevu. Chaneli, yaani vijia ndani ya masafa hayo, zisizoingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Wenzangu mnaoishi ghorofani mnanielewa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kwenye chaneli moja vifaa vinapokezana zamu. Ile simu kuukuu iliyoko kona ya mbali, inayosuasua, inakula muda wa wote. Runinga inaganda, tunamlaumu mtoa huduma. Halafu mtu ananunua kirudufishi cha mawimbi chenye redio moja, kinachopokea na kutuma kwa redio ileile. Kasi inapungua kama nusu! Msikimbilie hicho.

Usalama, kwa haraka: badilisha nenosiri la kiwandani, zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba ya PIN bila kuandika nenosiri, maana udhaifu wa PIN yake ulijulikana tangu 2011. Ikiwepo WPA3, mfumo wa ulinzi wa waifai uliofuata WPA2, washa.

Sasa geuza ruta uone nyuma. Matundu yote ya waya, pamoja na lile la kuingizia intaneti, ni ya megabiti 100. Basi hiyo 1200 itapitia wapi? Kama intaneti yako inazidi megabiti 100, usiinunue hii. Tafuta yenye matundu ya gigabiti. Kama haizidi, inatosha kwa simu. Ila runinga na kompyuta ya mezani hazihami, jamani, zivutieni waya. Mimi nimeupitisha wangu pembeni mwa ukuta, na mikutano yangu ya video haikatiki tena.