TAHADHARI kwa mnaonunua vipima nguvu vya baiskeli vilivyotumika

Ndugu waendesha baiskeli, kama mnatafuta kipima nguvu (kifaa kinachopima, kwa wati, nguvu unayokanyagia pedali) cha mkono wa pili, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji mtandaoni anauza vifaa vibovu kwa ushahidi unaoonekana wa kitaalamu kabisa. Mimi nimevitumia vifaa hivi miaka sita, na bado alinipata.

Nilinunua kwake mkono wa pedali wa kushoto wenye kipima nguvu. Alinitumia vitu viwili: picha ya kompyuta ya baiskeli iliyoandika kwamba usawazishaji umefaulu, na grafu ya mistari miwili, mmoja wa kipima nguvu na mwingine wa mashine ya mazoezi ya ndani, imelaliana kama mmoja. Nikaridhika, nikalipa.

Hiyo picha ndiyo inayowanasa wengi. Kitufe cha kusawazisha kwenye kompyuta nyingi za baiskeli kinaweka sifuri tu. Kinakiambia kifaa: sasa hivi hakuna mguu unaokanyaga, anzia hapa. Mizani nayo inaweza kuonyesha sifuri safi, kisha ukaweka kilo moja ikasoma gramu 900. Cha maana ni namba inapanda kiasi gani kwa kila nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) inayoongezeka, na hilo kitufe hakiligusi.

Miezi miwili niliendesha nikiamini nimedhoofika. Kwenye mwendo mwepesi namba zilikuwa sawa, lakini kwenye vilima, mahali nilipozoea kuona wati 250, nikawa naona 225. Nikajilazimisha. Nikaongeza mazoezi ili nizifikie namba zangu za zamani, hadi goti likaanza kuuma na usingizi ukapotea. Hili ndilo linaloniumiza kuliko hela. Mtu anapanga mazoezi, mapumziko, hata mashindano kwa namba hizi.

Mwishowe nilifanya jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nikatundika uzito. Funga breki ya nyuma, laza mkono wa pedali uwe sambamba na ardhi ukielekea mbele, soma namba bila uzito, kisha tundika uzito uliopimwa kwenye mizani ya kuaminika, katikati ya ekseli ya pedali, usome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu la kifaa. Jibu sahihi unalipata kwa kuzidisha kilo kwa 9.81, kisha kwa urefu wa mkono katika mita. Kilo 10 kwenye mkono wa milimita 170 ni nyutoni-mita 16.68, na kilo 20 ni 33.35.

Kilo 10 zilinipa 16.9. Sawa tu. Kilo 20 zikanipa 30.1, pungufu ya karibu asilimia 10. Nikarudia mara nne, ikawa hivyo hivyo. Kuifungua programu ya mtengenezaji kwenye simu, nikakuta kizidishi, yaani namba ambayo kifaa huzidishia kipimo chake kabla ya kukuonyesha, kimewekwa asilimia 112 badala ya 100. Ndani ya mkono kuna vihisi vilivyogandishwa kwenye chuma ili vinyumbuke pamoja nacho, na vikiachia gundi haviufuati tena mnyumbuko. Dalili zote zinaonyesha vya kwangu vimeachia. Kizidishi kilipandishwa hadi namba za mwendo mwepesi zikakaa sawa, na grafu niliyotumiwa ilikuwa ya mwendo mwepesi mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo tundikeni uzito zaidi ya mmoja, mdogo na mkubwa. Mmoja peke yake unaweza kudanganywa.

Tena grafu yenyewe ilipaswa kunishtua. Mtengenezaji akiahidi usahihi wa asilimia 2 juu au chini, vifaa viwili vizima kwenye wati 250 vinaweza kusoma 245 na 255, na hakuna kibovu. Mnyororo nao unakula nguvu kidogo njiani, kwa hiyo kipimo cha kwenye mkono wa pedali kwa kawaida huwa juu kidogo ya kile cha mashine ya ndani, inayopima upande wa gurudumu la nyuma. Na kipima nguvu cha upande mmoja kama changu kinazidisha namba ya mguu wa kushoto mara mbili, wakati ni wachache wenye miguu yenye nguvu sawa. Mistari inayolaliana bila kupishana hata kidogo haitoki kwenye vifaa viwili vinavyojitegemea. Baadhi ya programu za mazoezi zinaweza kuiamuru mashine ifuate kipima nguvu, na hapo namba unazoziona zinatoka chanzo kimoja.

Mwombeni muuzaji video ya uzito ukitundikwa, picha ya kizidishi na ya urefu wa mkono uliowekwa kwenye programu (175 badala ya 170 peke yake ni kosa la karibu asilimia 3), na namba ya sifuri kabla na baada ya safari ya saa moja. Akileta wastani wa safari nzima tu, kataeni. Wastani huficha.

Nilipomwandikia, alijibu kwamba kifaa kilitoka kwake kizima na kwamba mimi ndiye nisiyejua kukifunga. Kisha akanizuia. Juzi nimeona tangazo lake jipya, safari hii anauza pedali zenye kipima nguvu. Nimeilinganisha grafu aliyoiweka na ile aliyonitumia: kilele cha dakika ya 37 kipo pale pale, na mteremko wa dakika ya 41 pia. Ni grafu ile ile.