Rangi ya unga, epoksi na nta: uzoefu wangu na mikono ya gari niliyoifufua

Nimengoja miezi 18 kabla ya kuandika haya, kwa sababu siku ya kufunga kila rangi hupendeza. Gari ni moja, barabara ni zile zile za kokoto na madimbwi, lakini mikono ya nyuma na ya mbele, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu na bodi ya gari, ilikingwa na kutu kwa njia mbili tofauti. Ya nyuma niliipeleka karakana ikapigwa rangi ya unga. Ya mbele niliishughulikia mwenyewe kwa epoksi ya makopo mawili, rangi ambayo hukauka baada ya kuchanganya kopo moja na jingine, kisha nta kwa ndani. Bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono) na boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoruhusu gurudumu kugeuka) niliweka mpya kote.

Nianze na rangi ya unga. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme ili ung'ang'anie chuma, kisha kifaa huingia kwenye oveni yenye joto la karibu nyuzi 200 hadi uyeyuke na kuwa ngozi moja. Ndiyo maana kila chenye mpira lazima kitolewe kwanza. Mikono ilirudi inang'aa, nami nilifurahi kweli.

Mwezi wa 7 nikaona kokoto imechubua ukingo wa mbele wa mkono mmoja, mchubuko usiozidi punje ya mchele. Nilipoutia ukucha, kikabanduka kipande kizima. Chini yake kulikuwa na kutu mbichi na, kilichoniuma zaidi, kutu ya zamani imelala ndani ya vishimo. Karakana hawakupuliza mchanga, yaani kuurusha kwa hewa kali hadi kutu itoke, walisugua juu juu wakapaka. Rangi ya unga ni ngumu, lakini maji yakishapata mlango hutambaa chini yake, na kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, huinyanyua rangi yenyewe. Kwa hiyo siilaumu rangi. Naulaumu uandaaji, na ukiipeleka kazi yako mahali popote, omba ukione chuma kabla hakijapakwa.

Kuna kosa jingine la pale pale, na hili ni la usalama. Hawakuziba sehemu ambazo bolti hukaza chuma kwa chuma. Rangi nene ikiwa chini ya kichwa cha bolti hupondeka taratibu, na bolti hupoteza mkazo ingawa haijazunguka hata kidogo. Wiki chache baada ya kufunga nilisikia gari likigonga nyuma kwenye matuta. Nilifungua, nikakwangua nyuso zile hadi chuma, nikakaza upya kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza. Mlio ukaisha. Tundu za bushi na tundu la boljointi nazo zizibwe kabla ya kupaka, rangi yoyote iwayo.

Sasa epoksi. Grisi niliiosha kabla ya kupuliza mchanga, si baada, maana ukisugua chuma chenye mafuta unayasambaza hadi kwenye mikwaruzo. Baada ya mchanga chuma kilikuwa kijivu kitupu, nikakishika kwa glavu tu kwa sababu jasho lina chumvi. Hapo hakuna kusubiri kesho: hewa ikiwa na unyevu, chuma kitupu huanza wekundu ndani ya saa chache. Kwenye vishimo vichache ambavyo mchanga haukufika nilitumia dawa yenye asidi ya fosforiki, inayogeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, nyeusi. Niliisuuza vizuri na kukausha, kwa kuwa mabaki ya asidi huifanya epoksi isishike.

Kuchanganya ni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa macho. Kitu kimoja nilichofanya ambacho nadhani kimenisaidia kuliko vyote: kabla ya kupuliza nilipitisha brashi kwenye kingo zote na mishono ya kuchomelea. Rangi ikiwa mbichi hukimbia ukingo mkali, na huko ndiko kutu huanzia. Kisha matabaka mawili. Epoksi huchujuka juani, lakini chini ya gari jua halifiki, kwa hiyo sikuweka rangi nyingine juu.

Kasoro yake ni muda. Ilionekana imekauka siku ya pili, nikafunga mkono wa kulia, na spana ikaacha alama ndani ya rangi. Mkono wa kushoto niliupa wiki nzima na haukupata hata alama. Harufu pia ni kali. Vaa barakoa ya kichujio cha kemikali, ya kitambaa haitoshi.

Nta ndiyo wengi huiruka, na kwangu ni nusu ya kazi. Mikono hii ni mabati mawili yaliyochomelewa pamoja, ndani ni tupu, hivyo huoza kutoka ndani bila wewe kuona. Niliingiza mrija mwembamba nikapuliza hadi nta ikadondoka kwenye matundu ya kutolea maji, kisha nikayazibua matundu hayo. Usiipake kwenye bushi, na usiiruhusu ifike kwenye diski za breki. Huvuta vumbi, na mimi huirudia kila mwaka.

Springi nilizipaka epoksi pia. Nilishauriwa nizichovye zinki kwa umeme, nikakataa: asidi na umeme wa kazi hiyo huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na springi isipookwa mapema baada ya hapo inaweza kukatika ghafla ikiwa imebeba gari.

Leo mikono ya mbele ina michubuko minne. Kila mmoja umebaki kidoti cha kahawia, rangi inayouzunguka haijanyanyuka. Springi zimekwaruzika pale mzunguko wa chini unapokalia kikombe chake, na hapo naona itabidi niguse kwa brashi kila ninapobadilisha mafuta ya injini. Mikono ya nyuma nimeivua tena wiki iliyopita. Imepulizwa mchanga nikiwa nimesimama pale, tabaka la kwanza la epoksi liko juu yake, na bolti zake nimezifunga kwenye mfuko hadi wiki iishe.