Uzoefu wangu wa kufunga turbo kwenye Toyota Vitz RS jijini Nairobi

Mkaazi wa Nairobi anayeendesha gari dogo lisilo na turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, hapati nguvu zote alizozilipia, hata kama hajawahi kulitambua hilo. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo injini iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 110 hubaki na 90 hivi inapofika huku. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya ninunue seti ya turbo kwa ajili ya Vitz RS yangu ya mwaka 2008, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497 na gia za mkono, ingawa ujuzi wangu wa ufundi ulikuwa haujavuka kubadilisha oili na plagi. Nimekwisha kuitumia jijini na safarini, na ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningependa kuyajua kabla ya kutoa pesa.

Seti niliiagiza ng'ambo kupitia mtandao. Ilikuja na turbo ndogo, manifoldi ya ekzosi, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), mabomba ya aluminiamu, hozi za silikoni, vibano na hozi za oili. Turbo yenyewe sina lawama nayo: saizi yake inalingana na injini ndogo, na huanza kusukuma hewa mapema badala ya kungoja mpaka injini ipige kelele. Manifoldi ni ya chuma kizito na haijapasuka. Vibano na gasketi, kwa upande mwingine, havikufaa hata kidogo, na fundi aliviweka kando tangu mwanzo akaniagiza Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya vipuri, kununua vya maana. Lililonikera zaidi ni kwamba tangazo liliiita seti kamili, ilhali hapakuwa na kifaa chochote cha kuongeza wala kupima petroli.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Turbo inaingiza hewa zaidi, lakini hewa bila petroli ya kutosha ni hatari, kwa sababu mchanganyiko mwepesi huwaka kwa joto kali, injini ikaanza kugonga, na pistoni ikatoboka au ringi zikavunjika kabla dereva hajajua kuna tatizo. Gari la kawaida linapotembea polepole hutumia uzito wa hewa 14.7 kwa uzito 1 wa petroli. Turbo inaposukuma, aliyerekebisha kompyuta ya injini yangu huushusha uwiano huo hadi karibu 11.5, na vilevile huchelewesha kidogo moto wa plagi. Ili hayo yawezekane nilinunua nozeli kubwa zaidi za kunyunyizia petroli, pampu ya petroli yenye nguvu, kompyuta ya ziada inayorekebishika, geji ya presha, na geji inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli. Vitu hivyo pamoja na kazi ya kuirekebisha kompyuta vilinigharimu zaidi ya seti yenyewe, na kama pesa zako zinatosha seti peke yake, nakushauri kwa dhati usubiri.

Presha tuliiweka kwenye baa 0.4, na hatukwenda zaidi. Injini hii hugandamiza hewa kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, uwiano wa juu kwa injini itakayofungwa turbo, na tena konrodi zake, yaani fimbo zinazoshika pistoni, ni nyembamba. TRD, kitengo cha Toyota kinachoshughulikia magari ya kasi, kiliwahi kuuza Japani Vitz yenye turbo juu ya 1NZ-FE ikiwa na takriban farasi 150, na kwangu mimi hicho ni kipimo cha kuheshimiwa na mtu mwenye injini ambayo haijafunguliwa.

Fundi wangu aliuteka moyo wangu tangu siku ya kwanza, kwani alikataa kufungua boksi kabla ya kupima mgandamizo wa silinda zote nne na kuona kwamba zinakaribiana. Injini iliyochoka, alisema, haitibiwi kwa turbo. Sehemu ya kazi niliyoitazama kwa makini zaidi ilikuwa njia ya oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hutegemea utando wa oili tu ili isisagike. Oili huingia kwa presha kupitia hozi nyembamba, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe kupitia hozi nene mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Hozi ya kurudishia iliyokuja na seti ilikuwa ndefu mno, ikalegea na kufanya tumbo chini ya tundu la sampu, kiasi kwamba oili ingelazimika kupanda tena. Fundi akaniita nije nione. "Hapa hakuna pampu, kaka," akaniambia. "Oili inaanguka tu. Ikikwama itapita kwenye sili za turbo, utaona moshi wa buluu, na utaambiwa turbo imekufa kumbe nzima." Akaikata hozi, akachomelea mdomo mpya juu ubavuni mwa sampu, kisha kabla ya kuirudisha sampu mahali pake akamimina oili kwa juu na kuweka beseni chini. Ilishuka bila kusita. Baada ya kufunga kila kitu alichomoa umeme wa nozeli na kuizungusha injini kwa stata mpaka oili ilipofika kwenye turbo, ndipo akairuhusu kuwaka.

Barabarani tofauti ni kubwa, na inapendeza zaidi pale penye mlima. Ukitoka Mai Mahiu kupanda kuelekea Limuru, zamani nilikuwa nikikwama nyuma ya lori katika gia ya pili, nikiogopa kulipita kwa sababu gari halikuwa na pumzi. Sasa gia ya tatu inatosha, mshale wa presha unapanda taratibu hadi 0.4, na gari linalipita lori kwa muda mfupi unaonipa utulivu wa akili. Jijini, nikiendesha kwa upole, petroli inayotumika haijabadilika sana. Nikikanyaga, inaonekana kwenye risiti.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na ambalo mkaazi wa nyanda za juu hana budi kulielewa, ni safari ya pwani. Mlango unaopunguza presha ya turbo hupima tofauti kati yake na hewa ya nje. Baa 0.4 za Nairobi juu ya hewa ya 0.82 ni jumla ya 1.22, lakini Mombasa zinakuwa zaidi ya 1.4, tena katika hewa ya joto. Kompyuta iliyorekebishwa Nairobi pekee huwa haijawahi kufika kwenye presha hiyo. Aliyenirekebishia alizijaza sehemu za presha hiyo katika majedwali ya kompyuta kwa tahadhari, petroli nyingi na moto wa plagi uliochelewa, akanitaka nisikanyage hadi mwisho baada ya kupita Voi mpaka aone jinsi majedwali hayo yanavyofanya kazi. Nilimtumia faili la kumbukumbu za injini nikiwa Mombasa, akalisahihisha na kunirudishia, na tangu hapo gari linatembea vizuri zaidi pwani kuliko nyumbani.

Matunzo yameongezeka. Oili ya sinthetiki naibadilisha mapema kuliko zamani, natumia petroli ya okteni ya juu, plagi ni za daraja la baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka, na pengo lake limepunguzwa, na baada ya kupanda mlima naiacha injini iungurume kidogo kabla ya kuizima ili oili isiungue ndani ya turbo. Klachi ya kiwandani ilianza kuteleza katika gia ya nne, nikaibadilisha. Pedi za breki za mbele na oili ya breki nilibadilisha kabla hata ya kuongeza presha, na fundi yeyote anayekubali kukufungia turbo bila kuuliza habari za breki mwache aende zake.

Kampuni ya bima niliijulisha kwa maandishi, kwa kuwa kuficha badiliko la namna hiyo kunaweza kuwapa sababu ya kukataa kulipa madai. Wakaongeza malipo kidogo. Manifoldi, nozeli na hozi za asili nimezihifadhi ndani ya boksi, kwa ajili ya siku nitakayoliuza gari.